Goti Likiumia, Tazama na Vidole vya Mguu



Sisi wa Chiwata tunaijua miteremko ya nchi yetu ya Makonde. Tunapanda na kushuka tukiwa na mizigo ya korosho, kuni na maji. Vijana wanacheza mpira jioni. Wengine wanaanguka na baiskeli au pikipiki. Hapo magoti huumia. Leo tujifunze kulitambua goti lililoumia vibaya.

GOTI LIMEFUNGWAJE?

Ukijenga nyumba, unafunga fito kwenye nguzo kwa kamba. Kamba zikikatika, fito zinalegea. Goti nalo limefungwa kwa kano. Kano ni kama kamba ngumu. Zinaushika mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Kano kubwa ni 4. Moja iko upande wa ndani, moja upande wa nje. Mbili ziko katikati ya goti, nazo zimepishana kama msalaba. Mguu ukikwama chini na mwili ukageuka ghafula, kano huweza kukatika.

DALILI ZA KANO KUKATIKA

1. Aliyeumia alisikia mlio ndani ya goti.
2. Goti limevimba upesi, kabla ya muda wa saa 2 kupita. Mara nyingi damu imeingia ndani ya goti.
3. Akisimama, goti linalegea kama linataka kumwangusha.

HATARI KUBWA

Nyuma ya goti unapita mshipa mkubwa wa damu. Goti likiteguka kabisa, mshipa huo huweza kukatika au kuziba. Wakati mwingine goti linarudi lenyewe mahali pake, nawe ukadhani mambo yamekwisha. Kwa hiyo usitazame goti tu. Shika vidole vya mguu ulioumia. Vilinganishe na vya mguu mzima. Je, vina baridi? Vimepauka? Vimekufa ganzi? Anashindwa kuvinyanyua?

Ukiona hata dalili moja kati ya hizi, mpeleke hospitali mara moja. Mpeleke Ndanda, au Mkomaindo mjini Masasi. Usingoje asubuhi. Usianzie kwa mkandaji. Mguu uliokosa damu kwa zaidi ya saa 6 huweza kuharibika hata ukakatwa.

HUDUMA YA KWANZA

Mlaze mgonjwa. Asikanyage. Weka juu ya goti kitambaa kilicholowa maji baridi. Funga mguu pamoja na ubao au fito mbili, kutoka paja hadi kifundo, ndipo mumbebe. Usikaze sana. Kila mara tazama tena vidole. Usilivute goti, usilikande wala usilichue kwa mafuta.

KWA MGANGA WA ZAHANATI

Mweleze jinsi ulivyoumia, kama ulisikia mlio, na lini goti lilivimba. Atalinganisha magoti yako mawili. Atashika muundi na kuuvuta mbele polepole. Ukija mbele kuliko ule wa mguu mzima, huenda kano ya katikati imekatika. Wakati huo legeza mguu, usiukaze.

Kama huwezi kwenda hatua 4, au huwezi kukunja goti kama mtu aliyekaa kitini, huenda ukahitaji picha ya eksirei. Mtu mwenye umri wa miaka 55 au zaidi naye apigwe picha. Lakini kumbuka: picha hiyo huonyesha mifupa, haionyeshi kano. Ukiambiwa mfupa ni mzima, usidhani kano pia ni nzima.

Tena, siku ya kwanza goti lina uvimbe na maumivu. Ni vigumu kulipima. Rudi baada ya wiki moja hivi ili lipimwe tena, hata kama maumivu yamepungua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini tunatazama vidole wakati goti ndilo limeumia?
2. Mtu akiumia goti usiku kijijini kwenu, mtamfikishaje hospitali? Pangeni sasa, kabla hajaumia mtu.