Njia Mbili Zilimshinda Fisi: Kuunganisha Mitandao Pepe baina ya Swichi

Utangulizi

Makala haya yanaeleza jinsi mitandao pepe inavyounganishwa baina ya swichi mbili kwa nyaya mahususi, pamoja na hatari inayojificha katika mbinu hiyo. Mfano wa kubuni umewekwa Cheptais, mji ulio kwenye miteremko ya Mlima Elgon, Kaunti ya Bungoma. Ichukuliwe kwamba kituo cha afya kina majengo mawili, na kila jengo lina swichi, yaani kifaa kinachounganisha tarakilishi na kupitisha data baina yake. Idara ya fedha na duka la dawa zina wafanyakazi katika majengo yote mawili, lakini karani wa fedha hapaswi kufikia rekodi za wagonjwa.

Dhana ya Mtandao Pepe

Mtandao pepe, ujulikanao kwa kifupi kama VLAN, hutengwa kwa maagizo wala si kwa kifaa. Swichi yenye matundu 24 yaweza kuagizwa kwamba matundu ya 1 hadi 10 ni ya fedha, na ya 11 hadi 20 ni ya dawa. Data ya kundi moja haivuki hadi jingine ijapokuwa yote yamo katika kifaa kimoja.

Waya Mmoja kwa Kila Mtandao

Ili makundi hayo yavuke majengo, tundu la fedha la swichi ya kwanza huunganishwa na tundu la fedha la swichi ya pili. Dawa nayo hupewa waya wake. Waya wa shaba usizidi mita 100. Mbinu hii ni rahisi kueleweka, na kila mtandao hupata njia yake peke yake. Hata hivyo, mitandao 10 hula matundu 10 katika kila swichi. Aidha, ncha moja ikichomekwa penye fedha na nyingine penye dawa, mitandao hiyo huungana kimyakimya na siri za wagonjwa huwa wazi.

Mlinzi Asiyebagua

Nyaya mbili zikiunganisha swichi mbili katika mtandao mmoja, data huweza kuzunguka bila kikomo hadi mtandao ukwame. Mnamo 1985, Radia Perlman alibuni utaratibu wa kuzuia mizunguko hiyo kwa kufunga njia ya ziada. Tatizo ni kwamba utaratibu wenye mti mmoja kwa mitandao yote haubagui fedha na dawa. Huona njia mbili, hufunga moja. Duka la dawa hukatika, na fundi akikagua waya huukuta mzima.

Kumzima mlinzi si tiba, kwani waya mmoja uliokosewa utarudisha mzunguko. Tiba ni kuupa kila mtandao mti wake. Njia nyingine ni kutumia waya mmoja unaobeba mitandao yote, kila furushi la data likiwa na lebo. Kiwango cha 802.1Q cha mwaka 1998 kiliweka lebo yenye namba ya mtandao ya biti 12, inayotosha mitandao 4094.

Hitimisho

Kwa mitandao miwili au mitatu, nyaya mahususi zinafaa, mradi mlinzi ajue kuzitofautisha. Neno "pepe" lenyewe linamkumbusha mwanafunzi jambo hilo: utengano umo katika maagizo. Waya haujui unabeba siri ya nani.