Somo la 7: Kulirudia Bao Tuliloliacha

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 1 Sam. 28:3–20, Kum. 18:9–15; Eze. 21:21, Mit. 6:16–19, Mhu. 9:5, 6, Mt. 12:43–45, Mdo 19:18–20, Mk. 9:17–27.

Fungu la kukariri: Isaya 8:19, 20. Lifungue katika Biblia yako, lisome kwa sauti mara tatu, kisha lieleze kwa maneno yako mwenyewe.

Katika kijiji kimoja cha Mgeta, juu kwenye Milima ya Uluguru, msichana mdogo alikuwa akimshikia bibi yake kibuyu. Bibi alitazama bao, na watu walipanda mlima kumwuliza habari za wagonjwa, mvua na vitu vilivyoibiwa. Msichana huyo alipohamia Morogoro mjini alisikia injili, akabatizwa akiwa na miaka 19, akamwachia bibi kibuyu chake. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa mshiriki mwaminifu na shemasi.

Ndipo mwanawe wa miaka 12 akaanza kuanguka. Hospitali wakasema ni kifafa, wakampa vidonge vya kumeza kila siku. Mama akauliza, "Kwa nini mwanangu? Nani amefanya hivi?" Daktari alieleza ugonjwa na dawa. Swali la "nani" hakuwa na jibu lake. Mtoto alipoanguka tena, mjomba akashuka kutoka milimani. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba ni zito. Alfajiri moja, kabla majirani hawajaamka, walipanda gari kwenda Mgeta.

Juma hili hatujifunzi habari za watu wasiomjua Mungu. Tunajifunza habari zetu: kwa nini mtu aliyeacha ramli kwa miaka mingi huirudia akiwa mtu mzima, na ni njia gani Bwana amemwekea ya kurudi nyumbani.

JUMAPILI: Mfalme Aliyejibadilisha Mavazi

*Soma 1 Samweli 28:3–8. Ni nini kilichomrudisha Sauli kwenye jambo alilolifukuza yeye mwenyewe?*

Angalia mpangilio wa fungu hili. Kwanza tunaambiwa Samweli amekufa. Kisha tunaambiwa kwamba Sauli mwenyewe ndiye aliyewaondoa wenye pepo wa utambuzi katika nchi. Halafu Wafilisti wanapiga kambi, mfalme anaogopa, anauliza kwa Bwana wala hajibiwi. Mara anawatuma watumishi wake wamtafutie mwanamke wa aina ileile aliyoipiga marufuku, na watumishi wanajua mara moja pa kumpata.

Sauli hakuwa amebadili mafundisho yake. Kama ungemwuliza asubuhi ile, angekuambia kwamba ramli ni chukizo. Alichokosa ni subira ya kukaa na ukimya wa Mungu huku adui akionekana kwa macho. Tena ukimya ule ulikuwa na sababu: kwa muda mrefu alikuwa ameyakataa maneno ambayo Bwana alikwisha kumwambia. Alitaka jibu jipya bila kulitii lile la zamani.

Alijibadilisha mavazi, akaenda usiku. Mtu anayejificha anajua anachokifanya. Dada yetu naye aliondoka alfajiri, akaacha kanga yake ya ushemasi nyumbani.

*Ni hofu gani iliyo na nguvu ya kutosha kukufanya utende usiku jambo unalolikemea mchana?*

JUMATATU: Mchanga, Mishale na Karata

*Soma Ezekieli 21:21 na Kumbukumbu la Torati 18:9–15. Vyombo vya uaguzi vinatofautiana vipi, na ni kitu gani kinachofanana?*

Mfalme wa Babeli alisimama penye njia panda akatikisa mishale na kutazama ini la mnyama. Watu wa pwani walichora katika mchanga. Neno lenyewe "ramli" limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mchanga. Huku kwetu kuna bao na kibuyu. Ulaya kuna karata za tarot, ambazo zilianza Italia katika karne ya 15 kama mchezo tu, na ni katika karne ya 18 huko Ufaransa ndipo zilipopata umaarufu wa kutabiria. Siku hizi kijana aliyekaa kituo cha Msamvu akingoja basi anaweza kufunguliwa karata hizo katika simu yake.

Vyombo hubadilika, swali halibadiliki: "Nifunulie lililofichwa, ili nisilazimike kumtumaini Mungu gizani." Ndiyo maana Musa, baada ya kuyataja machukizo yote, hakuishia kwenye katazo. Katika aya ya 15 anaahidi Nabii ambaye watu watamsikiliza. Mungu hawaachi watu wake bila sauti. Huwaondolea sauti ya uongo na kuwapa Kristo.

Tuwe waangalifu hapa. Biblia haikatazi majani, mizizi wala magome yanayotibu. Nchi yetu ina sheria ya tiba asili ya mwaka 2002, nayo inasimamiwa na baraza lake. Mtu anayekupa dawa ya kikohozi na mtu anayeuliza mizimu ni watu wawili tofauti, hata kama wakati mwingine wanakaa chini ya paa moja.

JUMANNE: Jina Lililotajwa

*Soma Mithali 6:16–19. Ni jambo gani la mwisho katika orodha hii, nalo linahusianaje na ramli?*

Yule mganga wa Mgeta alitazama bao, akasema mambo matatu. Bibi amekasirika kwa sababu kibuyu chake kiliachwa. Aliyemfungulia njia ya kumdhuru mtoto ni mama mkubwa, dada wa mama yake. Na vidonge viachwe, visigombane na dawa yake.

Mama mkubwa huyo alikuwa mshiriki wa kanisa lilelile. Ndiye aliyemlea dada yetu alipofika mjini. Sabato iliyofuata alimpungia mkono, naye hakuitikiwa. Ndani ya mwezi mmoja ukoo mzima ulikuwa umegawanyika, na bibi yule wa miaka sabini akaacha kuja kusali, kwa kuwa watoto wa nyumba jirani walimkimbia.

Katika Tanzania tunaijua aina hii ya ramli kwa jina lake: ramli chonganishi. Katika Usukuma wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, ambayo wengi waliyapata kwa moshi wa kuni walipowapikia watoto wao. Mwezi Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Kwa hiyo usiseme, "Nilikwenda kuuliza tu." Bao halijibu bila kumtaja mtu, na mtu huyo ana nyumba, ana jina, naye Kristo alimfia.

*Je, yuko mtu ambaye umeacha kumsalimu kwa sababu ya neno lililosemwa na mpiga ramli, au na mtu aliyejiita nabii?*

JUMATANO: Bibi Hakukasirika

*Soma Mhubiri 9:5, 6 na Isaya 8:19, 20. Mafungu haya yanamjibu nini mtu aliyeambiwa kwamba marehemu wake ana hasira?*

Milima yetu ina kumbukumbu nyingi. Wazee wa Uluguru walipeleka sadaka kwenye pango la Kolelo kuomba mvua na mavuno, na jina hilo lilisikika hata katika siku za Vita vya Maji Maji. Mwaka 1905, watu walipochoshwa na kodi na kazi za kulazimishwa katika mashamba ya pamba ya Wajerumani, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa maji, wakaamini kwamba risasi hazitawadhuru. Vita viliendelea hadi 1907, na watu wengi mno walikufa, wengi wao kwa njaa. Hatuwadharau wazee hao. Kilio chao cha kudai haki kilikuwa cha kweli, lakini kinga waliyoahidiwa haikuwa ya kweli.

Biblia inatufundisha kwamba wafu hawajui neno lolote. Upendo wao, chuki yao na wivu wao vimekoma. Wamelala wakingoja ufufuo. Mara nyingi tunalitumia fundisho hili kushinda mabishano. Lakini mpelekee mama mwenye mtoto mgonjwa uone jinsi lilivyo faraja. Bibi yako hakukasirika. Hakudai kitu. Hakumgusa mjukuu wake. Aliyesema kwa jina lake alikudanganya, naye alilitumia pendo lako kwa bibi kama kamba ya kukufunga.

Mtu anaweza kukosa usingizi mwaka mzima kwa hofu ya mzimu. Fundisho la hali ya wafu humrudishia usingizi wake.

ALHAMISI: Nyumba Iliyofagiwa

*Soma Mathayo 12:43–45, kisha Matendo 19:18–20. Nyumba ile ilikosa nini? Wale wa Efeso walifanya nini?*

Nyumba katika mfano wa Yesu ilikuwa safi. Imefagiwa, imepambwa. Shida yake ni kwamba ilikuwa tupu. Mtu anaweza kuacha bao, pombe na ngoma, akabaki na orodha ya vitu alivyoviacha, bila kuwa na Bwana anayekaa ndani. Siku ya dhiki ikifika, anayejua mlango wa zamani huurudia.

Sasa angalia neno muhimu katika Matendo 19:18. Walioungama matendo yao ni watu waliokuwa wamekwisha kuamini. Walikuwa washiriki! Vitabu vyao vya uganga vilikuwa bado vimefichwa nyumbani. Walipovileta, hesabu ilikuwa vipande elfu hamsini vya fedha, na kipande kimoja kilikaribia ujira wa siku moja wa kibarua. Hawakuviuza ili kurudisha gharama. Walivichoma mbele ya watu wote.

Hakuna fungu linalosema kwamba Paulo aliwaaibisha. Tunaambiwa tu kwamba Neno la Bwana lilizidi na kushinda. Kanisa ambalo mtu anaweza kuungama ndani yake bila kusimangwa ndilo kanisa ambalo ramli haina pa kujificha.

*Katika darasa lenu, mtu akiungama jambo kama hili leo, kesho litasikika wapi?*

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma Marko 9:17–27. Katika kitabu *Pambano Kuu*, Ellen G. White ameeleza kwa mapana habari za roho zinazojifanya kuwa wafu; kisome pamoja na familia.

Baba yule alimpeleka mwanawe kwa wanafunzi, nao hawakuweza. Alikuwa na kila sababu ya kwenda kwingine. Lakini alibaki pale, akamwambia Yesu ukweli wote: imani anayo, na kutoamini pia anako. Yesu hakumfukuza. (Wala tusifikiri kwamba kila kifafa ni pepo, Mathayo 4:24 hutaja wenye pepo na wenye kifafa kila kundi kwa jina lake.)

Siku ya tisa bila vidonge, mwana wa dada yetu aliangukia jiko la mkaa. Mkono wake wa kushoto una kovu mpaka leo. Hapo ndipo mama alipomwendea mchungaji akasema yote. Nami niliona aibu, kwa kuwa nilikuwa miongoni mwa waliomtembelea mwanzoni. Tuliimba, tukaomba, tukaondoka baada ya robo saa. Hatukuuliza vidonge vinapatikana wapi, wala nani anamlinda mtoto usiku. Mjomba alishuka mlima. Sisi tuliokaa mtaa mmoja naye hatukurudi.

Alikwenda mwenyewe kwa mama mkubwa, akapiga magoti mlangoni. Mara ya kwanza mlango haukufunguliwa. Alirudi mara nyingi. Ilipita karibu misimu miwili ya mvua kabla hawajaketi tena benchi moja. Mtoto bado ana kifafa. Anameza dawa kila jioni, haanguki mara nyingi, na yupo shuleni. Swali la "nani" halijajibiwa. Siku moja mama yake aliniambia, "Nimeacha kuliuliza. Sasa naomba niwe na Bwana mpaka atakaponieleza mwenyewe."

Maswali ya kujadili:

1. Mjomba alifika kabla ya kanisa. Darasa lenu lifanye nini juma hili ili mwenye mgonjwa asiachwe peke yake? Tajeni majina na siku.

2. Tutamfundishaje mshiriki mpya ili nyumba yake isibaki tupu baada ya ubatizo?

3. Mtu akikuambia, "Nimeomba miaka mitatu wala sijajibiwa," utamwambia nini ambacho Sauli alihitaji kukisikia?

4. Ni kwa njia gani unabii wa uongo unaouzwa kwa jina la Yesu unafanana na ramli chonganishi?