Gego la Mwisho Limeng'olewa, Shavu Limevimba: Hesabu Saa

Unaamka kesho yake, unajitazama kwenye kioo: shavu moja limeumuka kama andazi. Jana ulipotoka kliniki halikuwa hivyo. Hujamaliza kushangaa, shangazi kishaingia na beseni la maji ya moto na taulo begani. "Pole, mwanangu. Njoo nikukande, litanywea sasa hivi." Nia yake njema, na kukanda ni tiba ya kweli. Kosa lake ni moja tu: amewahi.

Uvimbe wa namna hii una mwendo wake. Hupanda kwa siku mbili tatu, kisha hushuka taratibu. Wengi hurudia sura zao baada ya wiki moja au siku kumi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuchukua bahasha ya dawa na, pembeni ya ile 1x3 iliyoandikwa na mfamasia, kuandika tarehe na saa uliyong'olewa jino. Hesabu zote za hapa chini zinaanzia hapo.

Kwa nini shavu livimbe?

Gego la mwisho huota wengi wetu wakiwa na miaka kati ya 17 na 25, taya likiwa limeshajaa. Likikosa nafasi hulala chini ya ufizi, hapo daktari hupasua ufizi, huchonga mfupa kidogo, na pengine hulikata jino vipande ndipo litoke. Mwili hupeleka damu na majimaji kwenye jeraha hilo ili lipone, na shavu hujaa. Jino lililotoka kwa koleo peke yake huacha uvimbe mdogo. Lililopasuliwa, hasa la taya la chini, huacha mkubwa.

Saa 48 za mwanzo: baridi

Ponda barafu, hata zile za vifuko anazouza jirani mwenye friji, uzifunge kwa kipande cha khanga. Weka juu ya shavu kwa dakika 15 hadi 20, ondoa kwa muda kama huo, kisha rudia wakati wote uko macho. Usiweke barafu kwenye ngozi tupu: ganzi ikiwa haijaisha, ngozi itaungua kwa baridi na hutahisi. Usiku ongeza mto mmoja, kichwa kikae juu ya kifua.

Maji ya moto saa hizi hutanua mishipa ya damu, yakazidisha uvimbe na hata kuamsha damu iliyokwisha kukatika. Chai nayo ipoe kwanza.

Bonge la damu lililoziba tundu la jino lilinde kama kidonda kinavyolinda gaga lake. Kwa saa 24 usisukutue wala usitemeteme. Mrija uache kwa siku kadhaa, maana kufyonza hung'oa bonge; dafu lako limimine kwenye glasi. Sigara, ugoro, mirungi na pombe viache angalau siku tatu, na wiki nzima ni bora zaidi.

Dawa

Ibuprofeni hupunguza maumivu na uvimbe pia, lakini imeze baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu, ugonjwa wa figo au ujauzito, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza. Usiichanganye na diklofenaki. Hizo ni ndugu, na pamoja huumiza tumbo na figo. Parasetamoli mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Amoksilini ya kujinunulia dukani haishushi uvimbe huu. Antibiotiki hutolewa daktari akiona sababu.

Baada ya saa 48: zamu ya shangazi

Siku ya tatu usiogope kioo. Kwa kawaida hapo ndipo uvimbe unapokuwa kileleni. Taya linakaza, mdomo unafunguka kwa shida. Sasa taulo lichovywe kwenye maji ya moto kiasi, likamuliwe, liwekwe shavuni kwa dakika 20, mara kadhaa kwa siku. Kila ukimaliza, fungua na funga mdomo polepole bila kulazimisha. Shavu au shingo ikigeuka kijani au manjano, ni damu iliyovilia, itaisha.

Kusukutua huanza baada ya saa 24 za kwanza: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, kila baada ya kula. Inamisha kichwa maji yamwagike yenyewe. Kula uji uliopoa, mtori, maziwa mgando, parachichi. Bisi, karanga na pilipili zisubiri. Mswaki endelea nao, ila ukwepe kidonda.

Lini urudi kwa daktari?

Rudi ikiwa uvimbe unazidi baada ya siku ya tatu, au ulishashuka ukapanda tena, homa imefika nyuzi 38, unaona usaha, au mdomo na ulimi bado vina ganzi baada ya siku nzima. Maumivu makali yanayoanza siku ya tatu hadi ya tano, pamoja na harufu mbaya, mara nyingi ni bonge limetoka na mfupa umebaki wazi. Daktari atasafisha tundu na kulitia dawa.

Zipo dalili zisizongoja kupambazuke: kushindwa kumeza mate, sauti kubadilika, uvimbe kushuka chini ya kidevu na kuinua ulimi, jicho kuzibwa na uvimbe, au kupumua kwa shida. Hapo ni hospitali usiku huohuo.

Na shangazi akija mapema, mwonyeshe bahasha, mhesabu saa pamoja. Beseni alirudishe kwa leo, akaponde barafu, saa 48 zikitimia atakukanda.