Mashindano ya Boti Sagana: Hakikisha Bima Kabla ya Kushika Kasia

Tuseme wewe na wenzako watano hapo Maungu mmeunda timu ya kupiga makasia. Mnachanga pesa, mnapanda gari hadi Nairobi, kisha mnaelekea Sagana, Kaunti ya Kirinyaga, kwenye maji makali ya Mto Tana. Mwandaaji anataka kila mshiriki awe na bima. Mnalipa kwa simu, ujumbe unaingia. Je, tayari mna bima?

Bado. Ujumbe wa malipo unaonyesha pesa zimefika. Hati ya bima ndiyo inayoonyesha unalindwa dhidi ya nini.

Bima ulizo nazo zinafika wapi?

- Barabarani: Kisheria, matatu na basi lazima ziwe na bima inayohusu abiria. Ukishuka Sagana, hiyo haikufuati mtoni.
- SHA: Iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Husaidia gharama za hospitali kama umejisajili na michango yako haijakatika. Si bima ya kukulipa fidia ukipata ulemavu.
- Bima ya mwandaaji: Mara nyingi inamkinga yeye akidaiwa kwa uzembe wake. Boti ikipinduliwa na wimbi bila kosa la mtu, huenda usipate kitu.

Kwa hivyo mshiriki anahitaji bima ya ajali binafsi. Lakini angalia hapa: nyingi huweka kando michezo hatari na mashindano ya aina yoyote. Unaweza kulipa kila shilingi na bado dai lako likataliwe.

Uliza haya kabla ya kutuma pesa

1. Je, mashindano ya boti kwenye maji makali yamekubaliwa? Taja mto na daraja la ugumu wa maji. Madaraja huanzia la 1, maji tulivu, hadi la 6, hatari kupita kiasi. Omba jibu kwa maandishi.
2. Je, siku za mazoezi zimo, au ni siku ya mashindano pekee?
3. Matibabu yanalipwa hadi kiasi gani? Kuna sehemu ninayolipa mwenyewe kwanza?
4. Mto ukijaa wakati wa mvua za Aprili au Novemba na tarehe zisogezwe, bima nayo itasogezwa?

Hebu tupige hesabu, kwa mfano tu. Bega limeteguka na bili ya hospitali ni Sh70,000. Bima yako inalipa matibabu hadi Sh50,000. Sh20,000 zinazobaki ni zako. Ni afadhali ujue hivyo ukiwa Maungu kuliko kwenye dirisha la malipo hospitalini.

Sasa lipa

1. Hakikisha kampuni na ajenti wako kwenye orodha ya wenye leseni ya Mamlaka ya Kusimamia Bima (IRA), kwenye tovuti yake.
2. Lipa kwa nambari ya Paybill ya kampuni yenyewe. Ajenti akisema, "Tuma kwa namba yangu nitakulipia," kataa.
3. Kwenye nambari ya akaunti, weka nambari ya bima au ya makadirio uliyopewa. Ukikosea tarakimu moja, malipo yanaweza kukosa mwenyewe.
4. Soma jina la biashara linalotokea kabla ya kukamilisha malipo.
5. Mweka hazina akilipia timu nzima, kampuni iwe na majina yote sita na nambari za vitambulisho.

Usingoje asubuhi ya mashindano. Chini ya Sheria ya Bima ya Kenya, kampuni haipaswi kubeba hatari yako kabla ya kupokea malipo. Omba hati, usome majina, tarehe na vitu visivyolipwa, kisha uihifadhi kwenye simu pamoja na ujumbe wa malipo. Mtumie pia mtu wa nyumbani. Simu yako inaweza kuzama.

Ajali ikitokea

Tibiwa kwanza. Kisha ijulishe kampuni mapema, ndani ya muda ulioandikwa kwenye hati. Tunza risiti, ripoti ya daktari na taarifa ya mwandaaji.

Na ile fomu ya kukubali hatari unayotia sahihi ukingoni mwa mto? Hiyo humkinga mwandaaji. Bima yako iwe imeshakamilika kabla hujaishika.