Gari Likigongwa: Tulitengeneze au Tuliuze?

Wapendwa wanandoa, gari likigongwa, swali la kwanza katika nyumba nyingi huwa: "Nani alikuwa akiendesha?" Swali hilo halinyooshi bati. Kama wote mko wazima, mshukuruni Mungu pamoja, kisha ulizeni lililo la maana: je, gari hili lastahili kutengenezwa?

Katika Luka 14, Bwana wetu anamtaja mtu atakaye kujenga mnara, ambaye huketi kwanza akahesabu gharama. Basi ketini nyote wawili, na kalamu na karatasi.

Kwanza, bima. Ile ya kuwalinda watu wengine tu, inayodaiwa na sheria, hailipii gari lenu. Kama mna bima kubwa, toeni habari mapema, kabla fundi hajaligusa.

Pili, usalama. Waulizeni mafundi wawili juu ya chesisi. Mlango na taa hubadilishwa. Lakini chesisi iliyopinda vibaya huweza kulifanya gari livute upande mmoja na kula matairi, na likigongwa tena lisiwakinge vema. Msiwapakie watoto humo ili kuokoa pesa.

Tatu, hesabu. Tuseme likitengenezwa litauzika sh. 400,000, na jinsi lilivyo sasa mnunuzi atatoa sh. 120,000. Tofauti ni sh. 280,000. Fundi akitaka sh. 310,000, mmepoteza sh. 30,000, na mara nyingi ubovu mwingine huonekana bodi ikishafunguliwa. Akitaka sh. 150,000, na chesisi ni nzima, litengenezeni.

Deni la gari katika chama cha akiba na mikopo litalipwa kwa vyovyote. Lisiwe sababu ya kutengeneza kisichofaa.

Jihadharini na siri. Mume hukopa kisirisiri anunue vipuri, akiogopa majirani watasema amefilisika. Mke hunyamaza kwa kuwa ndiye aliyeshika usukani. Hapo hasara ya gari yageuka hasara ya ndoa. Mbele ya altare hamkuahidiana gari. Mliahidiana uaminifu katika taabu na raha.

Zungumzeni nyumbani:
1. Je, twalihitaji gari kwa kazi, au kwa heshima tu?
2. Karo na chakula vitatoka wapi tukilitengeneza?
3. Je, kuna lawama ambayo bado hatujasameheana?

Kisha salini pamoja, ndipo mwamue.