Kijerumani kutoka Bujumbura

Swali: Nina shahada ya kwanza, naishi Bujumbura. Naweza kuwa mtafiti wa fasihi ya Kijerumani?

Jibu: Unaweza, tena anzia nyumbani. Mji wako ulianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani, na mwaka 1916 mwanajiografia Mjerumani Hans Meyer alichapisha huko Leipzig kitabu kuhusu Warundi, Die Barundi. Kisome kwa sikio la Kirundi. Wasomi wengi wa Ulaya hawana sikio hilo. Kisha jifunze Kurrent, mwandiko wa zamani wa Kijerumani ambao herufi e hufanana sana na n. Bila huo, majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyoko Dar es Salaam utayatazama tu. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, wanafundisha lugha yenyewe. Kwa ufadhili, omba DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo.