Macho Yako Peke Yake Hayatoshi: Somo Kutoka kwa Rubani wa Usiku



Wengi wetu huku Morogoro tumekula karoti za Mgeta tangu utotoni, na wengi tumeambiwa zinaongeza macho. Si uongo mtupu, kwa sababu mwili ukikosa vitamini A macho yanadhoofika, na karoti inasaidia hapo. Ila habari ya karoti kumfanya mtu aone gizani ilivuma sana wakati wa Vita Kuu ya Pili, na jina lililoambatana nayo ni la rubani Mwingereza, John Cunningham. Leo tujifunze kwake.

1. Gizani aliongozwa

Mwaka 1940 ndege za Ujerumani zilikuwa zinapiga mabomu miji ya Uingereza usiku. Marubani walipaa kuzitafuta na mara nyingi walirudi mikono mitupu. Novemba mwaka huo Cunningham, kijana wa miaka 23, akaangusha moja. Ikafuata nyingine, na nyingine. Hadi vita inakwisha alihesabiwa ndege 20, karibu zote za usiku. Magazeti yakampa jina la "Macho ya Paka", na watu wakaambiwa eti marubani wa usiku wanakula sana karoti.

Kumbe siri ilikuwa rada, na Waingereza hawakutaka adui aijue. Kituo cha ardhini kilimwelekeza Cunningham kwa redio: geuka kulia, panda kidogo, punguza mwendo. Akishakaribia, kazi ilichukuliwa na mwenzake Jimmy Rawnsley, aliyekaa nyuma yake ndani ya ndege akisoma kioo cha rada. Cunningham aliiona ndege nyingine kwa macho yake mwishoni kabisa. Muda wote wa kabla ya hapo alikuwa anaruka kwa kusikiliza.

Tusipite hapa kama tunaangalia gemu. Ndani ya ndege zilizoanguka walikuwamo vijana pia, wenye mama zao waliowasubiri nyumbani. Kanisa linawaombea marehemu wote, bila kuuliza nani alivaa sare gani.

2. Baada ya vita: kazi ya kujaribu

Cunningham alirudi kwenye kampuni ya ndege ya de Havilland. Septemba 1946 rubani mkuu wa majaribio pale, Geoffrey de Havilland, mtoto wa mwanzilishi wa kampuni, alikufa akijaribu ndege. Cunningham akashika nafasi yake. Fikiria kukubali kazi ya namna hiyo!

Tarehe 27 Julai 1949, siku aliyotimiza miaka 32, alirusha kwa mara ya kwanza Comet, ndege ya kwanza ya abiria duniani yenye injini za jeti. Mwaka 1950 ndege hiyo ililetwa Khartoum na Nairobi kupimwa. Kwa nini huku kwetu? Khartoum kuna joto kali, na Nairobi iko juu, kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ikiwa nyepesi, injini hupungukiwa nguvu na mabawa hubeba kwa shida, hivyo ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Kupaa vizuri kwenye baridi ya Uingereza hakukutosha.

Mei 2, 1952 Comet ikaanza kubeba abiria kutoka London hadi Johannesburg, ikitua Entebbe njiani. Ilikuwa nzuri, inang'aa, na dunia ilipiga makofi.

3. Ufa usioonekana

Januari 10, 1954 Comet moja ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia. Watu 35 walikufa. Ilikuwa ndege ileile iliyofungua safari za abiria mwaka 1952. Aprili 8 ikaanguka nyingine karibu na Napoli, wakafa watu 21. Comet zote zikasimamishwa.

Wataalamu wa Farnborough, Uingereza, walichukua bodi nzima ya Comet wakaiweka kwenye tangi kubwa la maji. Wakapandisha na kushusha shinikizo ndani yake, kana kwamba inaruka na kutua, tena na tena. Ilipofikisha safari kama 3,000 kwa hesabu, bodi ikachanika.

Shida ilikuwa hii. Kila safari bodi hujazwa hewa ili abiria wapumue kule juu, halafu ikitua hewa inapungua. Mvutano wa safari moja hauvunji kitu. Ukirudiwa mara maelfu, ufa mdogo unaanza kwenye kona ya dirisha, mahali mvutano unapokusanyika. Mafundi wanauita uchovu wa chuma. Cunningham, rubani hodari vile, alikuwa ameirusha ndege hii mara nyingi na hakuuona.

4. Sasa sisi

Kijana mwenzangu, macho yako peke yake hayatoshi kukuona wewe mwenyewe. Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 16, kinatukumbusha kwamba mtu hutazama sura ya nje, Mungu hutazama moyo. Mwandishi wa Zaburi ya 139 anamwomba Mungu mwenyewe amchunguze. Hakusema najijua vizuri, niache.

Wengi tunapasuka kwa mivutano midogo inayorudiwa. Elfu mbili ya kubeti leo, tano kesho. Mkopo wa kwenye simu wa kulipia mkopo mwingine. Picha zile za usiku peke yako. Kila siku "niko poa", huku ndani hupati usingizi. Kwa nje unang'aa, hata kwaya unaimba.

Aliyepanda Bondwa ukungu ukiwa umeshuka anajua: unafuata sauti ya aliyetangulia. Basi tafuta Rawnsley wako, yaani padre, mlezi wa VIWAWA, au rafiki mmoja mkweli. Sakramenti ya Kitubio nayo ni mahali pa kuufunua ufa wakati bado upo chini, kwenye mikono salama. Na kama kinachokuuma ni msongo au mawazo ya kujidhuru, nenda pia hospitali. Hiyo si imani ndogo.

Wapo wanaoogopa kwamba wakijulikana watatupwa. Angalia Comet. Ilitengenezwa upya, na mwaka 1958 aliyeirusha Comet 4 kwa mara ya kwanza alikuwa Cunningham huyohuyo. Mwaka 1960 East African Airways, shirika letu la Afrika Mashariki, likaanza kuzitumia. Ufa uliogunduliwa ulirekebishwa, na ndege ikaruka tena.

Zoezi la wiki

- Kila usiku, dakika tano, pitia siku yako mbele ya Mungu, kama alivyofundisha Mtakatifu Ignasi wa Loyola, aliyekuwa askari kabla ya kuongoka.
- Taja mvutano mmoja unaojirudia.
- Kabla ya Jumapili, mwambie mtu mmoja unayemwamini.

Tusali: Bwana, unaniona nisipojiona. Nipe masikio ya kukusikia gizani, na ujasiri wa kuonyesha nilipopasuka. Amina.